Mikoko Iliyokwenda Matembezi

Mwaka ambao kisima cha Vikunguni kiliingiwa na chumvi, Mfalme Simba hakujua lolote, kwa sababu maji yake yalichotwa mlimani. Fisi naye hakujua, kwa kuwa alikuwa na dimbwi lake nyuma ya kichuguu. Aliyejua alikuwa Bi Paa. Alikuwa amejifungua karibuni na hakuwa na maji mengine ya kunywa. Alikunywa, akatema, akanywa tena kwa sababu ya kiu, na baada ya hapo maziwa yake yakaanza kupungua. Mtoto wake, Kidoti, akawa hawezi kusimama mpaka aegemee jiwe.

Vikunguni ni mahali ambapo bahari huingiza mkono wake ndani ya nchi kavu. Kati ya mkono huo na kisima palikuwa na msitu wa mikoko uliosimama kwenye tope, mizizi yake imeinuka juu kama mtu aliyepandisha kanga asilowe. Bamvua, yale maji makubwa yanayokuja mwezi unapoandama na tena unapokuwa mpevu, yaliingia msituni kwa kelele, yakatokea upande wa pili yakiwa yamechoka, yakageuka kabla ya kufika kisimani. Ndivyo ilivyokuwa siku zote.

Lakini msitu huo ulikuwa umepata mlinzi, na matatizo yalianzia hapo.

Zamani mikoko haikuwa na mlinzi, na Simba aliona hilo ni aibu. Mfalme asiye na walinzi wa vitu vyake, alisema, ni paka mwenye nywele nyingi tu. Akaitisha baraza ili mlinzi apatikane. Mbuzi alijitokeza kwanza, akakataliwa kwa sababu anakula majani ya mikoko. Bi Kaa akakataliwa kwa sababu anaishi chini ya mizizi yake, kwa hiyo ana maslahi. Ngedere akakataliwa kwa sababu anatikisa matawi. Bi Paa akaambiwa wazi kwamba anayekunywa maji ya kisima kinachokingwa na mikoko hawezi kuitazama mikoko bila upendeleo. Mwisho akasimama Fisi, akajifuta mdomo.

"Mfalme, mimi sili majani," alisema. "Siishi topeni. Sipandi miti. Hata maji ya kisima kile sinywi. Mikoko iwepo au isiwepo, mimi ni yuleyule."

Baraza likakubaliana kwamba hajawahi kutokea Vikunguni mnyama wa haki kama huyo. Akapewa kazi siku ileile.

Ni kweli kwamba Fisi hakula majani. Alikula samaki, na alipenda awale wakiwa wamekaushwa kwa moshi. Kuni za mkoko hazina haraka. Makaa yake hukaa muda mrefu, na samaki aliyelala juu ya uchaga kwa moshi wake hutoka na rangi ya dhahabu. Fisi alijenga uchaga wake kichakani, nyuma ya kichuguu, akaanza kukata. Alikata kuanzia upande wa bahari, akaacha safu moja ya miti upande unaotazama jiwe la Simba. Simba hakuwahi kuteremka topeni, maana tope huchafua makucha. Kila asubuhi aliamka, akaitazama safu ile, akasema msitu wake umependeza.

Tatizo ni kwamba samaki wadogo walikuwa wakikulia kwenye mizizi ya mikoko. Mizizi ilipopungua, samaki wakapungua na wakawa wembamba. Fisi akalazimika kula wengi zaidi ili ashibe, na ili akaushe wengi zaidi akalazimika kukata miti mingi zaidi. Jambo hili lilimsumbua sana. Alidhani kuna mtu anamwibia.

Ndipo Bi Paa alipokwenda barazani. Alieleza habari ya chumvi, ya maziwa, ya Kidoti. Alisema bamvua la juzi lilifika kisimani likiwa na nguvu zake zote, likaingia ndani na kutulia humo. Kisha akasema alilokuwa akiogopa kulisema, kwamba amepita nyuma ya ile safu ya mbele na hakuona miti.

Wanyama wote wakamgeukia Fisi. Harufu ya samaki ilikuwa ingali kwenye masharubu yake.

Fisi akatafakari kidogo. "Wametoka," alisema.

Simba akamuuliza ni nani waliotoka.

"Mikoko, Mfalme. Wamekwenda kuwatembelea jamaa zao ghuba ya jirani. Waliniomba ruhusa vizuri tu, nikawapa. Hakuna mkoko anayeondoka hapa bila ruhusa yangu."

Kobe, ambaye hupenda kuelewa mambo, aliuliza miti inatembeaje.

"Kwa miguu," Fisi alimjibu. "Wewe hujaiona miguu yao? Kila mmoja ana miguu kumi na zaidi. Mungu ampe kiumbe miguu yote hiyo asimame tu?"

Kobe alifikiri, kisha akasema kwamba kigoda nacho kina miguu mitatu, na hajawahi kukiona kikitembea.

"Kigoda ni mti uliokufa," Fisi alisema kwa upole. "Umewahi kuona maiti ikitembea?"

Hapo Kobe alishindwa. Wengine wakaanza kutikisa vichwa kwa namna ya watu waliokuwa na wasiwasi kidogo na sasa hawana. Macho yote yakahamia kwa Simba. Simba hakuwa amewahi kuisikia habari hii, na kitu alichokichukia kuliko mvua ni kuonekana kwamba kuna habari hajaisikia.

"Mimi nimewaona wakipita," alisema. "Walinisalimu."

Ikawa imekwisha. Kwa kuwa Mfalme alisalimiwa na miti, hakuna aliyethubutu kusema miti haitembei. Bi Paa aliambiwa arudi nyumbani awe na subira, wageni huwa hawakai milele.

Tangu siku hiyo Fisi hakujificha tena. Akitoka na shoka asubuhi, husema anakwenda kuwaaga wasafiri. Mara mikoko imekwenda harusini, mara ina msiba, mara imekwenda kumjulia hali mkoko mgonjwa ambaye maskini magome yanamtoka. Wanyama walizoea. Nguruwe akiona kitu kirefu kinakuja njiani, alijisogeza pembeni akaamkia, na zaidi ya mara moja alimwamkia Twiga. Nungunungu alifagia mbele ya nyumba yake, mikoko wasije wakarudi wakachomwa na miiba wakiwa wamechoka.

Simba naye alitoa amri. Alisema wasafiri wengi hivyo watapata shida kurudi wakikuta njia imebanwa, kwa hiyo ifunguliwe barabara pana kutoka baharini. Barabara ilitakiwa kupita palipobaki mikoko. Ikakatwa. Fisi akajitolea kuzihifadhi fito zote zilizotoka hapo, bila malipo, kichakani kwake. Bamvua lililofuata likaipenda sana barabara ile. Lilipita katikati yake moja kwa moja hadi kisimani, bila kugonga chochote.

Kidoti sasa hakuwa akisimama kabisa. Bi Paa alimwacha chini ya kichaka, akaenda kwa Sungura.

Sungura alikuwa amejilaza kivulini na alikuwa na habari zote. Alikiri kwamba alicheka mpaka mbavu zikamuuma siku ile ya kigoda. Bi Paa hakucheka.

"Mdogo wangu, mwanangu anakufa," alisema. "Nenda kamwambie Mfalme kwamba miti haitembei."

Sungura akaketi. Alimweleza kwamba hilo haliwezekani. Simba amekwisha kusema alisalimiwa. Atakayesema miti haitembei atakuwa amesema Mfalme ni mwongo, na huyo hatafika jioni.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo, dada, miti inatembea. Tuanzie hapo hapo."

Bi Paa alimtazama kwa muda, akiwa hana hakika kama yeye naye amerukwa na akili. Lakini alimfuata.

Walikwenda kwa Bi Kaa, ambaye shimo lake lilikuwa limebaki peke yake juani, visiki vimelizunguka. Bi Kaa alitoka ubavuubavu, kama kawaida yake, akawaonyesha tope. Lilikuwa na michirizi mirefu, kila mmoja ukianzia kwenye kisiki, na yote ilielekea upande mmoja. Maji yalikuwa hayajaifuta, kwa sababu yalikuwa maji mafu na bahari haikupanda mpaka huku. Akawaonyesha kitu kingine vilevile. Kabla miti haijakatwa, ilikuwa imezaa vile vijiti vyake virefu vya kijani, ambavyo huota vikiwa vingali mtini, kisha huanguka na kujichoma topeni kwa ncha. Bi Kaa alikuwa amevikusanya na kuvifukia kando ya shimo lake visichukuliwe na maji.

"Kwa kawaida mimi huvila," alisema. "Safari hii nimejizuia. Msiniulize ilivyokuwa ngumu."

Siku ya baraza, Sungura alisimama mbele ya kila mtu akamsifu Simba. Alisema Vikunguni ina bahati, maana ni wafalme wachache waliowahi kusalimiwa na miti. Kisha akasema kuna jambo dogo. Mikoko imechelewa mno kurudi, na mzazi yeyote angekuwa ameanza kufuata nyayo. Tope linashika nyayo vizuri, na anayeweza kuzitambua nyayo za mkoko ni yule tu aliyemwona mkoko akitembea.

Simba akakohoa. Akatazama tope kwa mbali, akatazama makucha yake. Hakukuwa na njia nyingine.

Akateremka. Ilikuwa mara yake ya kwanza, na tope lilimpokea mpaka tumboni. Simba, kwa sauti ileile ya siku zote, alisema kwamba hapo ndipo alipokusudia kuketi. Walipomvuta akatoka, aliinamia michirizi ya topeni akiwa amekunja uso kama mtaalamu.

"Hizi ni nyayo zao," alisema.

"Mfalme hakosei," Sungura alisema. "Na zinaelekea wapi?"

Zilielekea kichakani. Fisi alijaribu kusema kwamba njia ile ina siafu, lakini baraza lote lilikuwa limeshaanza kutembea, Simba mbele, tope likimdondoka. Walizunguka kichuguu, na hapo wakaona. Magogo yalikuwa yamepangwa hadi juu ya kimo cha Nyati. Pembeni uchaga ulikuwa unafuka moshi, samaki wembamba wamelala juu yake kwa mistari.

"Bwana Fisi," Sungura aliuliza, "wale jamaa wa ghuba ya jirani ni wewe?"

"Walipitia kwangu kupumzika," Fisi alisema.

"Mbona hawasimami kumwamkia Mfalme?"

"Wamelala. Wametembea mbali."

Bi Kaa alikuwa amefika kwenye uchaga. Aliinua gando lake akaelekeza motoni. "Na hawa?"

"Hao wanaota moto," Fisi alisema. "Walikuwa wanasikia baridi."

"Na huyu wa chini, ambaye amekuwa majivu?"

Fisi alilitazama lile jivu kwa muda mrefu. "Huyo," alisema, "amechoka kuliko wote."

Kobe, ambaye alikuwa ndio kwanza anafika, aliuliza kwa sauti kama hawa waliolala wangali hai au wamekuwa kama kigoda. Wanyama walikuwa wanamtazama Simba, na Simba alikuwa katika hali mbaya. Alijua alichokiona. Lakini akisema miti haitembei, nani aliyemsalimu?

Sungura alikuwa akiingoja hali hiyo. Alipiga magoti, akasema kwamba kwa maoni yake Bwana Fisi hajafanya kosa lolote la kutoa ruhusa, kwani ndiyo kazi yake. Ila kuna desturi ya wanaolinda mashamba, ambayo hata nyani wanaijua. Mwenye zamu akipewa ruhusa ya kuondoka, aliyempa ruhusa hushika nafasi yake mpaka arudi. Na Bwana Fisi mwenyewe alisema, mbele ya baraza hili, kwamba hakuna mkoko aliyeondoka bila ruhusa yake.

Simba alivuta pumzi ndefu. Ilikuwa pumzi ya furaha.

"Mpelekeni akasimame," alisema.

Walimsimamisha topeni, katikati ya barabara pana, uso ukielekea bahari. Alifungwa kwenye kisiki kwa kamba ya ukindu ili asije naye akaenda kutembelea jamaa zake. Fisi alicheka mwanzoni. Aliwaambia waliokuwa wakitazama kwamba ana miguu minne tu, kwa hiyo atafanya kazi kidogo kuliko mkoko.

Maji mafu yalikwisha, likaja bamvua. Halikukuta mizizi, halikukuta matawi. Lilimkuta Fisi. Wimbi la kwanza lilimpiga kifuani, la pili likamwingia puani, na la tatu likaleta jani la mwani likamvika kichwani kama kilemba. Baada ya hapo alianza kusema, na alisema kwa sauti ambayo baraza lote, likiwa limeketi juu ya jiwe, lilisikia kila neno.

"Miti haitembei," alisema. "Niliikata. Niliikata yote. Nifungueni."

Bi Paa alimtazama Mfalme.

"Nilijua," Simba alisema. "Nilikuwa nangoja aseme mwenyewe."

Hakuna aliyembishia. Sungura alikuwa na kikohozi cha ghafla, akaenda kukikoholea mbali.

Lakini ukweli haukuondoa chumvi kisimani, na Bi Paa alilisema hilo kabla baraza halijaanza kupongezana. Basi wakaenda kichakani wakayabeba yale magogo, wote, hata Nungunungu ambaye hakuna aliyetaka kubeba naye. Wakayapigilia topeni kwa safu, na katikati yake wakafuma fito kama uzio. Simba aliyaita wasafiri waliorejea, wakamwachia. Bamvua lililofuata liligonga uzio, likapunguza kasi na kuacha tope lake hapo, likageuka. Ndani ya tope hilo Bi Kaa alitoa vile vijiti vya kijani alivyovificha, wakavipanda ncha chini. Nguruwe alivipanda vyake ncha juu, kwa sababu aliona ndivyo vinavyopendeza, akarudishwa kuvipindua. Kwa muda wote huo Simba aliamriwa na nafsi yake, kama alivyoeleza, kugawana maji ya mlimani na Kidoti. Masika ilipofika ikakisuuza kisima polepole, na siku moja Bi Paa alikunywa na hakutema.

Fisi hakufunguliwa. Alisogezwa tu nyuma ya uzio, akaambiwa kwamba atakuwa huru mkoko mchanga uliopandwa ubavuni pake utakapofika kimo cha bega lake.

Hapo ndipo Vikunguni ilipopata mlinzi. Fisi, ambaye aliwahi kusema mikoko iwepo au isiwepo yeye ni yuleyule, sasa alikuwa akiamka kabla ya jua kuutazama ule mkoko kama umeongezeka. Mbuzi akionekana kwa mbali alianza kupiga kelele. Alimkemea Ngedere asipumue karibu. Bi Kaa akipita, Fisi alimuuliza mkoko umefika wapi, na Bi Kaa akisema magotini, Fisi alidai kwamba anapima vibaya, na kwamba wapinzani wake wamemhonga. Kidoti, ambaye sasa alikuwa akirukaruka kila mahali, siku moja alinyoosha shingo kunusa jani.

"Acha hilo," Fisi alimwambia. "Hilo ni mwezi wangu mmoja."

Ulipofika begani, ukiwa na vimiguu vyake vya kwanza chini, alifunguliwa. Samaki walikuwa wameanza kurudi kwenye mizizi. Fisi aliwatazama, akalamba mdomo, maana tabia ya Fisi haikubadilika hata kidogo. Kisha akaenda barazani akaomba arudishiwe kazi yake ya ulinzi. Wanyama wakaguna. Alianza kueleza kwamba yeye, kama wanavyojua, hali majani.

Simba akamkatiza. Alisema swali la nani anakula majani Vikunguni haliulizwi tena.

"Unakunywa maji wapi?"

Dimbwi la Fisi la nyuma ya kichuguu lilikuwa limejaa mchanga tangu alipofungwa, na muda wote huo Bi Paa ndiye aliyekuwa akimpelekea maji ya kunywa.

"Kisimani kwa Bi Paa," alijibu.

Bi Paa alikuwa amesimama nyuma yake, Kidoti ubavuni. Akakohoa.

"Kisimani kwa Bi Paa," Fisi alisema tena, "akinikubalia."

"Basi nenda kazini," Simba alisema.